Gereji ya wasomaji: rejeta ya mafuta ya gia kwenye Subaru ya tabo

Nina Subaru Legacy GT ya 2006, stesheni wagoni yenye tabo na gia otomatiki ya hatua tano. Nikipanda mlima wa Kitonga nyuma ya malori, gari limejaa watu na mizigo, taa ya AT OIL TEMP inawaka. Nikisimama dakika kumi inazima. Nimeshauriwa nifunge rejeta ndogo ya mafuta ya gia. Inakaa wapi na nahitaji vifaa gani? – Msomaji, Iringa

Tuanze na taa, maana wengi huisoma vibaya. Ikiwaka na kutulia gari likiwa mwendoni, mafuta ya gia yamepata joto kupita kiasi. Ikiwa inapepesa kila unapowasha injini, hilo ni kosa lililohifadhiwa kwenye kompyuta ya gia na rejeta haitalitibu. Yako ni ya aina ya kwanza. Ukipanda mlima taratibu kwenye gia kubwa, konvata (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi) haijifungi, inateleza, na nguvu inayopotea kwenye kuteleza huko inaishia kuwa joto ndani ya mafuta. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, panda Kitonga kwa gia ya chini uliyoichagua mwenyewe, usiiachie D. Taa ikiwaka, simama pembeni, weka P na uache injini iungurume. Ukizima injini, pampu ya giaboksi nayo inasimama na mafuta ya moto yanabaki palepale.

Pima pia matairi. Subaru wanataka mizunguko ya matairi manne isipishane kwa zaidi ya milimita 6. Tairi mbili mpya mbele na mbili zilizolika nyuma zinatosha kuchemsha mafuta hata barabara ya tambarare, kwa sababu mfumo wa magurudumu manne unakuwa kazini muda wote.

Hayo yote yakiwa sawa, funga rejeta. Legacy yako ina nafasi nzuri kuliko magari mengi ya tabo: intakula yake (kipoza hewa ya tabo) iko juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti, kwa hiyo mbele ya kondensa (rejeta ya AC) pako wazi. Nunua rejeta ya sahani, si ile ya bomba moja lililopindwapindwa. Ukubwa wa sentimita 28 kwa 19 unatosha. Ongeza mita 3 za mpira wa mafuta ya gia ulioandikwa SAE J1532, kola nne (vibano vya kukazia mpira) zisizo na matundu kwenye ukanda (zenye matundu hutafuna mpira), vipande vya bati nene vya kutengenezea vishikio, na lita 1 ya mafuta ya gia ya ATF-HP ya kujazia. Kipenyo cha mpira usikikisie. Pima bomba la gari lako kwanza.

Chini ya rejeta kubwa, ile ya maji ya injini ambayo mafuta ya gia nayo hupitia ndani yake, kuna mipira miwili ya mafuta ya gia, mmoja unaleta mafuta ya moto na mwingine unayarudisha. Kuitambua, washa injini asubuhi ikiwa baridi kabisa na uishike yote miwili katika dakika ya kwanza. Unaopata joto mapema ndio unaotoka giaboksi, huo usiuguse. Uchomoe ule wa kurudisha. Kutoka kwenye chuchu ya rejeta kubwa peleka mpira mpya hadi rejeta ndogo, na kutoka rejeta ndogo peleka mwingine hadi bomba la chuma linalorudi giaboksi. Hakuna haja ya kukata bomba lolote. Ncha ya bomba la chuma ina uvimbe mdogo unaouzuia mpira usichomoke; fundi akiikata ile ncha, kola peke yake haitahimili. Sukuma mpira upite uvimbe kwa sentimita 2 au zaidi, kola ikae nyuma yake.

Rejeta ndogo ishikwe na vishikio vilivyofungwa kwenye fremu. Zile tai za plastiki zinazopenyezwa katikati ya kondensa ni za haraka, lakini kwenye barabara ya vumbi na makorongo rejeta inacheza, inasugua kondensa, na baada ya miezi gesi ya AC imekwisha. Acha sentimita 1 hadi 2 katikati, na midomo ya rejeta itazame juu au pembeni ili hewa isinaswe ndani.

Ongeza nusu lita ya mafuta, kisha endesha dakika 20. Mafuta yakiwa nyuzi 70 hadi 80, gari likiwa tambarare na injini inaunguruma, kanyaga breki, pitisha gia zote taratibu, rudi P, ndipo uchomoe kijiti cha kupimia mafuta na usome upande wa HOT. Kupima ya baridi kunadanganya, na yakizidi yanatoa povu na kukurudishia joto lilelile. Baada ya siku tatu kaza kola tena.

Fundi anataka kuiruka kabisa rejeta kubwa na kutumia ndogo peke yake kwenye Forester yangu ya tabo ya 2004. Ni sawa? – Msomaji, Nakuru

Kwa baridi ya asubuhi ya Nakuru tungeibakisha. Maji ya injini yanayapasha mafuta ya gia joto haraka, na mafuta yakiwa baridi kompyuta haiifungi konvata, kwa hiyo ukiiruka utachoma petroli zaidi na gia zitabadilika kwa uzito.

Hata hivyo fundi wako ana hoja moja. Rejeta ya miaka 20 inaweza kutoboka ndani, pale bomba la mafuta linapopita kwenye maji. Chungulia tanki la maji, kisha kijiti cha gia. Ukiona kitu kama maziwa ya waridi kwenye kijiti, usiendeshe hata kilomita moja. Kemikali ya kuleanti (maji ya kupoza injini) inalegeza gundi ya sahani za klachi ndani ya giaboksi. Dawa ni rejeta kubwa mpya, halafu ndogo ifuate nyuma yake.

Gari lina kilomita 240,000 na mafuta ya gia hayajawahi kubadilishwa. Nisafishe kwa mashine kabla ya kufunga rejeta? – Msomaji, Moshi

Mashine hapana. Mwaga na ujaze mara tatu, ukiendesha kilomita mia kadhaa katikati. Giaboksi inabeba kati ya lita 9 na 10, na kila ukimwaga zinatoka kama 4.5. Mara ya kwanza utakuwa na mafuta mapya chini ya nusu kidogo, ya pili kama asilimia 72, ya tatu 85. Filta ya nje ibadilishe ile mara ya mwisho.

Angalia sana bolti unayofungua! Ya mafuta ya gia inafunguka kwa spana 17. Ile ya nyota, T70, ni ya difu ya mbele (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele), ambayo ina mafuta yake mazito, lita moja na kidogo, na kijiti chake. Yakitoka mafuta yenye harufu ya kiberiti umekosea. Wanaoendelea bila kugundua huijaza gia kupita kiasi na kuendesha difu kavu, na difu inaanza kulia ndani ya siku chache.

Mafuta yakitoka meusi, yananuka kuungua na yana chengachenga za chuma, rejeta isubiri. Hiyo pesa itahitajika kwenye giaboksi.

Naweza kununua rejeta ya mafuta iliyotumika? – Msomaji, Mombasa

Hapana. Huwezi kujua giaboksi ya awali ilikufa vipi, na chenga zilizonasa kati ya sahani hazitoki hata ukizipigia petroli na kompresa. Zitatoka zenyewe siku mafuta ya moto yatakapopita, zikielekea kwenye valvu zako.