Kabla ya kununua kiwanja cha uzeeni, kaishi huko mwezi wake mbaya

Wiki iliyopita dada mmoja muuguzi, anayestaafu mwakani, aliniandikia ujumbe mrefu kutoka Temeke. Yeye na mumewe wamechoka na jasho la Dar es Salaam, magoti ya mzee yanauma, na wanatafuta mji mdogo, mkavu, usio na joto la kuchemsha. Wameipenda Lushoto. Njombe nayo imo kwenye hesabu. Mwisho akauliza, "Mwalimu, wewe ulijuaje kama Kondoa ndiyo penyewe?" Kondoa ni huu mji wa mkoa wa Dodoma ambako mimi na mume wangu tumestaafia. Nilimwahidi jibu fupi, na mliowahi kufundisha nami mnajua ufupi wangu ulivyo.

Mimi ni mtu wa Muheza, mzee wangu, yaani mume wangu, ni Mchaga wa Kibosho. Maisha yote ya kazi tumekaa Dar, mimi nikifundisha jiografia, yeye mhasibu. Ana pumu. Mwenye kuishi na mtu wa pumu Dar hahitaji kuelezwa habari za masika: godoro linanuka uvundo, kabati la nguo linaota kuvu kwa nyuma, na usiku badala ya kulala unasikiliza pumzi za mwenzako. Pampu moja chini ya mto, nyingine kwenye gari, nyingine kwenye mkoba wangu. Hayo niyapite.

Kwa mtu wa Kibosho, swali la pa kustaafia halipo. Kuna kihamba, yaani shamba la ukoo, kuna makaburi ya wazee, kuna nyumba aliyoanza kuijenga kabla hata hajanioa. Tulikwenda kila Desemba kama Wachaga wote, na Desemba ya Kibosho ni tamu, nani abishe? Mlima umefunguka asubuhi, watoto wamejaa uwanjani, mtori jikoni, mbege haikauki. Ukikaa wiki mbili hizo unaapa kwamba hapa ndipo utakapozeekea. Lakini kuna mwaka tulikwenda Julai, kwenye msiba. Ukungu ulikaa mpaka mchana, manyunyu hayakatiki, kanga nilizoanika jana yake bado mbichi, na mzee akaanza kukohoa usiku wa kwanza. Matanga tuliyamalizia wodini.

Daktari wake wa kifua hakutuambia tuhame. Alisema tu kwamba unyevu hulisha kuvu na vijidudu vinavyokaa kwenye vumbi la nyumbani, na kwamba hivyo viwili ndivyo vinavyomchokoza huyu mgonjwa. Akasema pia kwamba hakuna mji unaoponya pumu, kuna mji unaokupa nafuu. Nimeyarudia maneno hayo kwa watu wengi, na wengi husikia nusu ya mwisho tu.

Hapo ndipo jiografia yangu ilipofaa kitu zaidi ya mtihani wa kidato cha nne. Watu wakisema "hali ya hewa nzuri" wanafikiria ubaridi, na ubaridi huletwa na mwinuko: ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Sasa tazama. Lushoto, Kibosho na Kondoa zote ziko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Zingehukumiwa kwa mwinuko peke yake, zingekuwa ndugu. Kinachozitenganisha ni maji yaliyomo hewani. Milima ya Usambara, iliko Lushoto, inapokea upepo wa Bahari ya Hindi uso kwa uso. Upepo unapanda, unapoa, unaangusha mvua na ukungu. Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, iliko Kibosho, nayo hivyo hivyo. Kondoa iko bara, na upepo huifikia ukiwa umeshamwaga mzigo mwingi njiani. Inapata milimita 600 na kitu kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Juni mpaka Oktoba unaweza kuanika mahindi uani na ukasahau kuyaanua.

Nilimchorea mzee haya yote kwenye karatasi. Ilimchukua muda kukubali, na simlaumu, maana si karatasi iliyomzaa.

Kikao cha ukoo ndicho nisichokisahau. Shemeji yangu mmoja alisimama akasema, mbele ya wote, kwamba mwanamke wa Tanga amemloga kaka yao, anampeleka kwa watu asiojua hata lugha yao, na siku akifa watakuja kutafutana na maiti barabarani. Wengine walipiga makofi. Siku ile nilinyamaza kwa heshima ya mama mkwe. Leo sina sababu ya kunyamaza. Katika waliopiga makofi, hakuna aliyewahi kumkalisha kaka yao kitandani saa nane za usiku akitafuta hewa. Hakuna aliyewahi kulipa hata pampu moja. Na nyumba ya Kibosho ipo, imefungwa, funguo wanazo wao, na bado wanasema nimemnyang'anya mtu kwao.

Dada yangu, hili la ukoo litakukuta hata kama mumeo si Mchaga. Jiandae nalo mapema kuliko unavyojiandaa na kiwanja.

Kondoa yenyewe niliijua kwa ziara ya wanafunzi. Tulikwenda kuangalia michoro ya miambani ya Kolo, ile iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, na mzee alikuja kusindikiza. Usiku ule alilala mpaka adhana ya alfajiri. Niliandika tarehe kwenye daftari. Zamani mwalimu akipangiwa Kondoa aliangua kilio, kwa sababu barabara ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018, na tangu hapo Dodoma mjini ni safari ya chini ya saa tatu. Bila lami hiyo nisingethubutu. Mji mdogo wenye hewa nzuri na barabara mbovu ni mtego kwa mtu wa miaka 65.

Lakini usiku mmoja mzuri si ushahidi. Nilimwambia mzee: hatununui hata tofali mpaka tuone ubaya wa huu mji. Nikawauliza wenyeji mwezi gani wao wenyewe wanauchukia. Wengi walisema Septemba na Oktoba. Basi tukapanga vyumba viwili, tukahamia miezi hiyo.

Ubaya tuliuona. Mchana upepo unainuka na vumbi jekundu linaingia hata kwenye chungu kilichofunikwa. Midomo inapasuka, pua inakauka mpaka inatoka damu. Wiki ya kwanza mzee alitumia pampu karibu kama Dar, nami nikaanza kufunga mizigo kimoyomoyo. Kisha tukagundua kwamba tumepanga kando ya njia ya bodaboda, ambako kila pikipiki ikipita inatuletea wingu lake. Tukahamia mtaa mwingine, wenye miti na mbali na njia kubwa, tukatupa zulia, tukawa tunapiga deki badala ya kufagia. Kifua kikatulia. Mji ni ule ule, mtaa ndio uliobadilika. Hili hakuna ramani ya hali ya hewa itakayokuonyesha.

Tulirudi tena Julai kupima baridi. Usiku blanketi mbili, asubuhi sweta, saa tano jua linakupapasa mgongo. Hewa kavu ya baridi nayo inaweza kumbana mtu wa pumu, kwa hiyo alikuwa anajifunika shali puani alfajiri akitoka. Kwa mwili wake, hicho ni kitu kinachovumilika. Kwa mwili wa mumeo sijui, na ndiyo maana nasema nendeni mkalale huko.

Suala la kiwanja Kondoa lina elimu yake. Udongo wa nchi hii unamomonyoka vibaya mno. Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, wenyewe wanauita HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika la milima ya Irangi ili nyasi na miti virudi. Vilirudi, na ni fahari ya watu wa huku. Ila makorongo yapo mpaka leo. Dalali alituonyesha kiwanja cha bei ya kutupa, kizuri, kinatazama bonde. Nilishuka chini nikakuta mizizi ya mti inaning'inia hewani ukutani mwa korongo. Maana yake kingo zinakatika kila masika. Nikamwuliza dalali, akasema korongo "limelala." Tulinunua kwingine, kiwanja kilichopimwa, kwenye ardhi ya mwinuko mdogo, baada ya kupita kwa mwenyekiti wa mtaa na ofisi ya ardhi ya halmashauri. Bei ilikuwa kubwa kidogo na sijutii hata shilingi.

Maji sasa. Mji mkavu, swali la kwanza liwe maji, la pili maji. Kondoa ina bahati ya chemchemi yake, lakini bomba ni bomba, kuna siku linakauka. Miji mingine ya kanda hii ina visima vya maji ya chumvi, na upande wa Singida na Arusha kuna maji yenye floridi nyingi inayoharibu meno na hata mifupa. Ulizeni kama maji yamepimwa, msiangalie weupe wake. Sisi tulipiga hesabu ya darasani: bati la mita mraba 100 na mvua ya milimita 600 ni lita 60,000 kwa mwaka. Toa robo ya kumwagika na kukauka, zinabaki 45,000. Kwa wazee wawili wasiofuga ng'ombe, hayo ni maji. Tukapunguza chumba kimoja kwenye ramani ya nyumba, fedha yake ikaenda kwenye matangi na mifereji ya bati. Watoto wetu walilalamika kwamba wakija hawana pa kulala. Wanalala sebuleni.

Nilistaafu 2023, wakati mkupuo, ile sehemu ya pensheni unayolipwa kwa pamoja, ulikuwa asilimia 33, na kila mstaafu wa mwaka ule anajua uchungu wa kufungua ile karatasi. Labda ndio uliotuokoa na jumba. Nimeona wenzangu waliomaliza kiinua mgongo chote kwenye ghorofa la kijijini, sasa wanaazima nauli ya kwenda kliniki. Jengeni ndogo. Narudia, jengeni ndogo, na pesa ya nauli ya hospitali iwekwe pembeni kabla ya msingi kuchimbwa. Hospitali ya hapa inatosha kwa malaria, presha na kuvunjika mkono. Kwa makubwa tunakwenda Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambako kuna mabingwa. Mji usio na hospitali kubwa ndani ya saa tatu, mimi nisingeutazama mara mbili, hata ungekuwa na hewa ya peponi.

Watu? Warangi, wenyeji wa hapa, ni watu wa salamu. Jirani yangu, mama mmoja mjane, ndiye aliyenifundisha kununua mahindi baada ya mavuno kabla bei haijapanda, na kupanda mbaazi kwenye ukingo wa uwanja. Mji una Waislamu wengi na una ibada za kila namna. Mzee wangu ni Mkatoliki na Kondoa ni makao ya jimbo tangu 2011, kwa hiyo Jumapili hana shida. Lugha anajifunza polepole. Lugha ya huko kwao Kibosho nayo, kusema kweli, alikuwa anaongea nusu nusu.

Wastaafu wenzangu, tumezoea kuchagua kwa macho ya wengine. Kiwanja pale kwa sababu bosi fulani anajenga pale. Kijijini kwa sababu baba angetaka. Mlimani kwa sababu tulipiga picha nzuri mwezi wa kumi na mbili. Miaka thelathini na zaidi umeamka kwa kengele ya mwajiri. Hii michache iliyobaki uipangie mwili unaoubeba, si masikio ya wanaokusema. Watasema tu. Mimi nimesemwa Kibosho, nimesemwa Muheza, na mzee wangu anapanda kilima cha kanisani bila kusimama.

Kwako dada. Lushoto ni nzuri mno, ila ni ya unyevu. Kama tatizo la mzee ni magoti na anapenda baridi, huenda ikamfaa, lakini ulitaka pakavu na pale si pakavu. Njombe iko karibu mita 2,000, Juni na Julai baridi yake inauma mifupa. Nendeni miezi hiyo, si Oktoba. Ongeza Iringa mjini kwenye orodha yako: iko juu kuliko Kondoa kidogo, kiangazi chake ni kirefu, hospitali ipo, ingawa si mji mdogo tena na milima yake haitayahurumia magoti. Pangeni chumba, msifikie kwa ndugu, maana ndugu atawapa chumba kizuri na maji ya moto na mtaupenda mji kwa ajili yake.

Na uliniuliza kuhusu mama mkwe wako anayetumia mashine ya oksijeni. Hapo sahau kwanza hali ya hewa. Ulizia umeme unakatika mara ngapi kwa wiki na unarudi baada ya saa ngapi, muulize mwenye duka la nyama, si dalali. Sola yenye betri ya kuendesha ile mashine usiku kucha pigieni bei mapema, kabla ya kiwanja.