Ukiniuliza Njia ya Mafia kwa Baiskeli

Ujumbe uliingia Jumatatu usiku, nikiwa nachambua mchele. "Dada, nimeona picha zako za Rasi Mkumbi, hongera sana. Nitumie njia uliyopita na dondoo mbili tatu, Desemba tunataka kwenda Mafia na kikundi." Aliyeandika namfahamu. Ndiye aliyeongoza msafara Agosti ya mwaka juzi, siku waliponiacha kijijini Kirongwe, kisiwani Mafia, na tairi la nyuma limelala.

Sikumjibu usiku ule. Namjibu leo, tena hapa, maana najua wengi mnaoendesha ufukweni Coco, Dar, asubuhi za Jumapili mna ndoto hiyohiyo: kuvuka bahari na baiskeli yako na kukizunguka kisiwa kwa miguu yako mwenyewe.

Kufika si kazi. Basi la Nyamisati unalipandia Mbagala Rangi Tatu, na baiskeli inakaa juu kwenye keria. Ifunge mwenyewe kwa mpira wa tyubu kuukuu, usimwachie konda. Mkifika Bungu mnaiacha barabara ya Kilwa, mnashuka kuelekea mikoko ya delta ya Rufiji, na Nyamisati mnapanda chombo hadi Kilindoni. Mtachoka, mtafika.

Sasa kisa chenyewe.

Tulikuwa watu sita. Lengo lilikuwa Kilindoni hadi mnara wa taa wa Rasi Mkumbi, kaskazini kabisa mwa kisiwa, zaidi ya kilomita 40 kwenda tu, na kurudi siku hiyohiyo. Agosti ni kusi, na ukienda kaskazini kusi inakusukuma mgongoni. Kila mtu akajiona bingwa. Hakuna aliyewaza kwamba jioni upepo huohuo tutakutana nao usoni. Tulipokaribia Kirongwe nikasikia baiskeli inayumba nyuma. Pancha. Pampu ilikuwa kwa mwenzangu mmoja, viraka kwa mwingine. Nikapiga kelele. Wawili waligeuka wakatazama, nikawaona wanaangalia saa, kisha wakaendelea. Walinitumia ujumbe baadaye: "Tutakukuta ukiwa umerudi." Nimeandika sentensi hiyo kama ilivyo kwa sababu bado naikumbuka neno kwa neno.

Niliikokota baiskeli hadi nyumba ya kwanza. Barazani alikaa mzee mmoja akichonga mpini wa jembe. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akaangalia tairi, akaingia ndani akatoka na beseni la maji. Aliitoa tyubu kwa mikono na vijiko viwili, akaizamisha kipande kwa kipande mpaka viputo vikajitokeza. Akapitisha kidole ndani ya tairi polepole, akautoa mwiba uliokuwa umevunjikia humo. "Wengi wanaziba tundu, mwiba wanauacha," akasema. Akakwangua tyubu kwa kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari, akapaka solusheni, kisha akaiweka pajani. Nikanyoosha mkono nimpe kiraka. Akanizuia. "Ikauke kwanza, mwanangu. Ukibandika mbichi, kitafunguka njiani."

Gundi ilipokuwa inakauka ndipo alipoanza kunisimulia habari za Kua na Kisimani, miji miwili ya kale ya Mafia. Watu wa Kisimani waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua karamuni. Siku ya kulishusha majini wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani, jahazi likapita juu yao. Watu wa Kua wakanyamaza. Ikapita miaka, nao wakawaalika wenzao harusini. Wageni wakaketishwa katika chumba cha chini ya nyumba, wakala, wakaimbiwa. Wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, taratibu, hadi akabaki mzee mmoja tu akiwachangamsha wageni, huku nje mlango unajengwa kwa mawe. Mzee wangu aliposema "mmoja mmoja" niliangalia barabara ile walikopotelea wenzangu, nikashindwa kujizuia, nikalia. Mama wa nyumba akaniletea muhogo na samaki bila kuniuliza neno. Pesa walikataa wote wawili.

Nilirudi Dar bila kufika mnarani. Lakini ile hadithi niliondoka nayo, na ndiyo iliyonirudisha Mafia Oktoba hii, mimi na binamu yangu ambaye hajawahi kuendesha zaidi ya Kigamboni. Nilimchagua kwa sababu moja: tukiwa njiani kwenda Kimbiji, mnyororo wangu ulikatika, naye akakaa nami juani hadi tukapata fundi.

Safari hii hatukuanza na mnara. Tulianza na Utende, kama kilomita 14 za lami kutoka Kilindoni, minazi huku na huku. Njiani kuna geti la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995, eneo la kilomita za mraba 822. Mwananchi analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Utende unavuka kwa mashua hadi Chole. Baiskeli tulivuka nazo, lakini Chole tulizitembeza mkononi zaidi ya kuziendesha. Njia ni za mchanga, watoto wanakufuata, mafundi wanaunda majahazi kwa tezo, na magofu ya Wajerumani yamesimama pale tangu Chole ilipokuwa makao ya utawala, kabla hawajahamia Kilindoni. Na kuna popo. Popo wakubwa, wenye uso kama wa mbweha, wananing'inia mtini mchana kutwa kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Ndugu zao wako Visiwa vya Komoro. Magharibi wanapoanza kuruka, usiendeshe. Kaa chini uangalie.

Kua iko kisiwa cha Juani, na hapo ndipo bahari inapokufundisha adabu. Nahodha alituambia maji yakipwa chombo hakisogei karibu, tukasubiri yajae. Tulisubiri saa tatu nzima. Binamu yangu hakulalamika hata mara moja. Tulipoingia nilizigusa kuta zile za mawe ya matumbawe na chokaa, misikiti, nyumba kubwa, vyumba. Mji ule ulivunjwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Wasakalava waliokuja kwa mitumbwi kutoka Madagaska. Kisimani yenyewe, upande wa pili, bahari imeshaila sehemu kubwa.

Ndugu zangu, sisi wa Dar tumejizoesha kuhesabu kilomita. Tunakwenda mahali, tunapiga picha baiskeli imeegemea ukuta wa miaka mia kadhaa, hatujui ukuta ni wa nani. Potwe wanaingia pwani ya Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari, samaki mkubwa kuliko wote duniani, na wapo wanaofika Mafia wakaondoka bila kumwona kwa sababu ratiba haikuwa na nafasi. Ya nini kukimbia namna hiyo? Nenda polepole. Subiri maji. Msubiri mwenzako. Narudia: msubiri mwenzako.

Siku ya nne tukaenda Rasi Mkumbi. Tulilala kijiji cha Bweni ili tusirudi siku hiyohiyo, na hiyo ndiyo dondoo kubwa niliyo nayo kuhusu njia. Ya pili: kila mtu abebe pampu yake na viraka vyake. Punguza upepo kidogo kwenye tairi ukifika kwenye mchanga. Maji lita tatu. Mnara ule walijenga Wajerumani mwaka 1892. Niliushika ukuta wake kwa mikono miwili, na ndiyo picha mliyoiona.

Kwa hiyo, kaka, njia ni hiyo: Kilindoni, Kirongwe, Kanga, Bweni. Barabara ni moja, hamtapotea. Mkifika Kirongwe, mkimkuta mzee barazani, teremkeni wote mumpe shikamoo yake. Nimemwachia chupa mbili za solusheni na pakiti ya viraka kwa wapita njia. Mkitumia, rudishieni.