Mwenye taji la miale katika sarafu yangu ni nani?

SWALI: Marehemu babu yangu aliniachia sarafu ya Kirumi. Upande mmoja una kichwa chenye taji la miale na maandishi IMP AVRELIANVS AVG. Upande wa pili amesimama mtu aliyeinua mkono, pana maandishi ORIENS AVG, na chini yake XXI. Mungu jua ni yupi kati yao? Na mbona sarafu ya fedha imeanza kuwa nyekundu?

JIBU: Ndugu msomaji, mungu jua, ambaye Warumi walimwita Sol, ni huyo aliyesimama. Kichwa ni cha Kaisari Aurelianus, aliyetawala kuanzia mwaka 270 hadi 275. Wengi huwachanganya kwa sababu wote wawili wana miale, lakini chukua kioo cha kukuzia uchunguze kisogo cha Kaisari: utaona ncha mbili za utepe zikining'inia, kwa maana taji lake ni la kufungwa kichwani. Ana ndevu fupi pia, ilhali Sol huchorwa kijana asiye na ndevu, mkono wa kuume juu na tufe la dunia mkono wa kushoto. Neno ORIENS maana yake ni "anayechomoza".

Taji hilo katika sarafu lilikuwa pia alama ya thamani. Kaisari Caracalla alipotoa sarafu ya namna hii mwaka 215, inaaminika kuwa ilihesabiwa sawa na dinari mbili, ingawa fedha iliyomo ilikaribia ya dinari moja na nusu tu. Makaisari waliofuata waliendelea kuipunguza, hata kufikia mwaka 270 sarafu ikawa karibu shaba tupu. Mwaka 274, mwaka uleule alioweka wakfu hekalu la Sol mjini Roma, Aurelianus aliitengeneza upya, na wataalamu wengi huisoma XXI kuwa sehemu 20 za shaba kwa sehemu 1 ya fedha. Juu yake iliwekwa ngozi nyembamba ya fedha, nayo ndiyo iliyochakaa. Wekundu huo peke yake si dalili ya sarafu bandia.

Nakusihi sana usiisugue kwa majivu na ndimu kama tusuguavyo sufuria, kwani fedha iliyosalia kwenye mikunjo ya vazi la Sol itaondoka, na hairudi.