Farasi wa kukagulia ng'ombe wanaozaa

Ndugu, umeuliza iwapo farasi wako wa miaka 3, mwenye mbio, anafaa kukagulia ng'ombe msimu wa kuzaa. Kwa maoni yangu mwache kwanza, umchukue yule farasi mzee uliyemtaja, kwa sababu kazi hii haihitaji mbio bali utulivu: mtamba, yaani ng'ombe anayezaa mara ya kwanza, aliyesukuma saa nzima bila mafanikio anahitaji msaada, nawe utashuka, utaziachia hatamu zining'inie, na farasi lazima abaki pale pale hata ng'ombe mwingine akiinamisha kichwa kutaka kumpiga pembe. Mzoeshe mapema, na wengi hulisahau hili, harufu ya maji ya uzazi na uzito wa ndama aliyelowa, anayetetemeka, akilazwa mbele ya tandiko.