Kiyoyozi cha inveta Kisumu: stima ya shilingi ngapi kwa usiku mmoja?

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Mimi ni mwalimu, nakaa Mamboleo hapa Kisumu, nyumba ya mabati yenye dari ya jipsamu. Chumba cha kulala ni mita 4 kwa 3.5. Nataka kufunga kiyoyozi cha inveta cha BTU 12,000, nikiwashe saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Muuzaji anasema kinakula wati 300 tu. Jirani ananionya kwamba kitanimalizia tokeni. Kwa sasa natumia uniti kama 80 kwa mwezi. Nimwamini nani?

JIBU: Salama, Mwalimu. Wote wawili wamekwambia kweli, ila kila mmoja ametaja saa yake. Kompresa ya inveta hubadilisha kasi. Ukikiwasha chumba kikiwa nyuzi 30, hukimbia kwa nguvu zote, na mashine ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza, si cha stima) huvuta wati 1,000 au zaidi. Chumba kikishafika nyuzi ulizoomba, mwendo hushuka na mashine hubaki kwenye wati 250 hadi 350. Namba ya muuzaji ni ya saa saba usiku. Hofu ya jirani ni ya saa mbili.

Kwa chumba chako, dirisha likiwa limefungwa na rimoti iko nyuzi 26, mimi hukadiria hivi: saa ya kwanza uniti 0.9, ya pili 0.6, ya tatu 0.4, kisha saa saba zilizobaki uniti 0.3 kila moja. Jumla ni uniti 4 kwa usiku, yaani 120 kwa mwezi. Bei usiichukue kwa muuzaji wala kwangu. Chukua ujumbe wa tokeni yako ya mwisho, gawanya pesa zote ulizotuma kwa uniti ulizopata, kodi na tozo zikiwemo. Tuseme imetoka shilingi 30. Basi kiyoyozi ni shilingi 3,600 kwa mwezi.

Hapo wengi huacha kuhesabu, na hapo ndipo wanapoumia. Tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wamegawanywa katika madaraja matatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wa 30 hadi 100, na wanaopita 100. Wewe na uniti zako 80 uko daraja la kati. Ukiongeza 120 unafika 200, na bei ya daraja la juu haishiki zile uniti za ziada peke yake. Inashika zote, hata za friji na za balbu ulizokuwa ukizilipa kwa bei nafuu. Ikiwa bei yako itapanda shilingi 4 kwa uniti, zile 80 za zamani zinakugharimu 320 zaidi kila mwezi, na hakuna ulichoongeza jikoni. Tena daraja hupangwa kwa wastani wa miezi mitatu. Ukitumia kiyoyozi Januari hadi Machi ukakizima mvua za Aprili zikianza, bei haishuki siku hiyo hiyo. Ukitaka kubaki chini ya 100, una nafasi ya uniti 20 tu kwa mwezi. Hizo ni usiku tano mzima mzima, au usiku nane ukikizima saa saba.

Na kukizima saa saba ndio ushauri wangu wa kwanza. Kisumu iko mita 1,131 juu ya bahari. Joto la mchana hufika nyuzi 29 au 30, lakini baada ya usiku wa manane hewa ya nje hushuka hadi karibu 20. Joto linalokusumbua saa mbili usiku halitoki nje. Limehifadhiwa kwenye kuta na chini ya mabati tangu alasiri. Kwa hiyo jioni fungua madirisha pande mbili, washa feni nusu saa, toa hilo joto bure, kisha funga na uwashe kiyoyozi. Saa saba kizime kwa taima ya rimoti, fungua dirisha lenye wavu wa mbu, acha feni izunguke. Kwa saa tano umetumia uniti 2.5 badala ya 4. Kwa mwezi umeokoa uniti 45, shilingi 1,350. Feni ya wati 55 ikienda usiku kucha haifiki uniti 0.6.

Sasa rimoti. Kuweka nyuzi 18 hakuharakishi ubaridi. Kompresa ya inveta ikiwa mbali na lengo inakimbia kwa kasi ile ile, uwe umeomba 18 au 25. Tofauti ni kwamba kwa 18 haifiki, kwa hiyo haipunguzi mwendo. Unaomba chumba kiwe baridi kuliko usiku wenyewe, na uniti 4 zinaweza kuwa 6 au 7. Weka 26, na feni ya polepole ikupepee. Mwili utahisi kama 24.

Unyevu nao una bei, na hapa karibu na ziwa si kidogo. Kugeuza mvuke wa hewani kuwa lita moja ya maji, mashine lazima iondoe joto la uniti 0.68, na kwa kazi hiyo hula stima ya uniti 0.2 hivi. Hilo unaweza kulipima mwenyewe: weka ndoo chini ya paipu ya kutolea maji jioni, angalia asubuhi. Lita 2 au 3, sawa. Ukikuta lita 8, umelipia uniti 1.6, karibu shilingi 48, kukausha hewa iliyokuwa ikiingia kutoka nje. Nenda moja kwa moja kwenye yale matundu ya hewa juu ya dirisha. Nyumba nyingi za kwetu zimejengwa nayo, na fundi anayefunga kiyoyozi huyaacha wazi. Yafunike kwa ubao unaotoka, uyafungue mchana, na uache upenyo chini ya mlango. Lakini kama kuna jiko la makaa au la gesi linalowaka humo ndani, usifunike kamwe.

Ukubwa: chumba chako ni mita za mraba 14. Kwa BTU 600 kila mita unapata 8,400, kwa hiyo ya BTU 9,000 inatosha ikiwa dari iko nzima na hakuna ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Kama ukuta upo, 12,000 ni sawa. Usikubali 18,000 eti ni bei ya ofa. Hata ikipunguza mwendo hadi mwisho bado ni nyingi mno kwa chumba hicho, itazima na kuwaka, na utalala kwenye ubaridi wenye majimaji. Dukani tafuta lebo ya nyota ya EPRA, mamlaka ya nishati, kisha soma kibandiko cha mashine: namba ya kulinganisha ni wati za kawaida, si zile za chini kabisa. Mashine nzuri ya BTU 12,000, yaani wati 3,500 za ubaridi, huvuta 1,000 au pungufu katika kipimo hicho.

Ufungaji ndio huharibu hesabu zote hizi. Mapaipu yakishaunganishwa, hewa iliyomo lazima itolewe kwa pampu ya vakyumu, dakika 20 hadi 30, kisha geji iachwe ionyeshe kama imeshikilia. Mafundi wengine hufungua gesi kidogo iisukume hewa itoke, wakamaliza kwa dakika moja. Hewa inayobaki huongeza presha, kompresa hufanya kazi ngumu, na mwendo haushuki kama ulivyoahidiwa. Mwambie fundi kabla hajapanda ngazi: bila pampu, hafungi. Baadaye ukiona barafu kwenye paipu nyembamba na ubaridi umepungua, gesi inavuja. Usikubali kuongezewa kabla ya kuzibwa panapovuja. Kama gesi hiyo ni ya aina ya R410A, iliyobaki itolewe yote na mpya ipimwe kwa mizani, kwa sababu ni mchanganyiko wa gesi mbili, na ikivuja uwiano wake unaweza kuharibika.

Chujio la ndani lioshe kila wiki mbili. Kifaa cha nje kiangalie mara nyingi zaidi: wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa jioni hunata kwenye mapezi yake, na wanaoishi upande wa Chemelil na Muhoroni hupata masizi ya miwa. Zima kwenye swichi kuu, osha kwa maji ya mpira yasiyo na nguvu nyingi, mapezi yasikunjwe. Na usikichomeke kwenye ekstensheni. Kipewe waya wake wa milimita za mraba 2.5, breka yake, na kinga ya volteji, kwa sababu stima inaporudi kwa kishindo kinachoungua ni bodi ya inveta, na bei ya bodi moja inaweza kumeza uliyookoa mwaka mzima.

Msomaji wa Nakuru anayefuatilia haya asinunue kwa ajili ya ubaridi wa usiku. Kwenye mita 1,850 dirisha linatosha. Huko mashine hii ina faida kwa kupasha joto asubuhi za Julai, kwani kwa uniti moja ya stima hutoa joto la uniti tatu hivi, na hita ya koili hutoa moja tu.

Ukishafunga, pima. Zima kila kitu kingine, friji ikiwemo, kwa dakika chache. Mita ina taa nyekundu inayowakawaka, na kando yake imeandikwa 1000, 1600 au 3200 imp/kWh, yaani taa huwaka mara ngapi kwa uniti moja. Hesabu imewaka mara ngapi kwa dakika moja, zidisha kwa 60, gawanya kwa namba hiyo. Ikiwaka mara 5 kwenye mita ya 1000, unatumia uniti 0.3 kwa saa. Usitegemee fundi mwenye kipimo cha ampea peke yake: mashine ikiwa kwenye mwendo wa chini, kuzidisha ampea kwa 240 hutoa wati nyingi kuliko zile mita inazokutoza. Pima dakika kumi baada ya kuwasha, kisha saa tano usiku. Ikiwa namba ya pili haijashuka hata nusu, mwite aliyefunga arudi na pampu yake.