Pamba inajizonga kwenye rola na saksheni haivuti: nifanyeje?

SWALI

Shikamoo fundi. Mimi ni msimamizi wa zamu ya usiku sehemu ya kusokota nyuzi, kiwanda kimoja hapa Unguja. Mashine zetu ni za ringi, kila moja ina spindo 480 (vile vijiti vinavyozunguka na kusokota uzi), na tunasokota uzi namba 20. Tangu masika yaanze hatupumui. Uzi ukikatika tu, pamba inajizonga kwenye rola, na kabla mtu hajafika, nyuzi mbili tatu za jirani nazo zimeshakatika. Wafanyakazi wanachana mizongo kwa viwembe ili wawahi. Saksheni, yaani feni ya kunyonya pamba ya uzi uliokatika, ipo na inanguruma, lakini kule mwisho wa mashine naona haina nguvu. Mota yake ilipelekwa kufungwa waya upya mwezi wa pili, ikarudi. Madirisha tunafungua kwa sababu ya joto. Naomba unieleze namna ya kutoa mizongo bila kusimamisha mashine nzima, na katika taka tunazokusanya, zipi zirudi kwenye pamba na zipi zitupwe? Bosi anataka zirudi zote.

JIBU

Marahaba mwanangu. Umeuliza maswali mawili, lakini katikati ya barua yako umepitisha neno moja kama halina uzito, nami nimeling'ang'ania hilo: mota ilipelekwa kufungwa waya upya, ikarudi.

Usiku wa leo, kabla hujamgombeza mtu, kata umeme wa feni ya saksheni, kisha ichungulie inapokaribia kusimama. Kwenye ganda lake kuna mshale unaoonesha upande wa kuzunguka. Nachelea utakuta mapanga yanakwenda kinyume na mshale. Mota ya fezi tatu, inayolishwa na nyaya tatu za umeme, ukiirudisha ukapishanisha nyaya mbili, inazunguka kinyume. Ingekuwa msumeno wa seremala mngeona palepale. Lakini feni ya aina hii, inayomeza hewa katikati na kuitema ubavuni, ina hila yake: hata ikizunguka kinyume, bado inavuta upande uleule, ila kwa nguvu ndogo sana. Inanguruma kama kawaida, ukiweka mkono karibu na feni unasikia upepo, kila mtu anaridhika. Kule mwisho wa mashine ndiko hakuna kitu.

Haya yalinifika mwenyewe. Kiwanda kimoja cha Bara nilichofanyia kazi ujanani, mota ilirudi kutoka kwa mfunga waya, na kwa wiki tatu mashine ile ikawa balaa. Nilibadilisha mipira ya rola, nikailaumu pamba, na mbaya zaidi nikamwandikia onyo mama mmoja aliyekuwa akihudumia upande wa mwisho, kwamba anazembea. Siku hiyo umeme ukakatika ghafla, mimi nimesimama mbele ya feni, nikaona mapanga yanapunguza mwendo huku yanakwenda upande usio wao. Onyo nililifuta. Yule mama hakuniambia kitu, alinitazama tu.

Kurekebisha ni kupishanisha nyaya mbili zozote kati ya tatu, kazi ya dakika kumi, lakini aifanye fundi umeme na swichi kuu ikiwa imezimwa.

Ukikuta inazunguka sawasawa, nenda kwenye sanduku la filta. Watu wengi hawajui ni pamba kiasi gani inapita humo, kwa hiyo tupige hesabu. Uzi namba 20 una uzito wa takriban gramu 30 kwa kilomita. Rola za mbele zikitoa mita 15 kwa dakika, spindo moja iliyokatika inamwaga gramu 0.45 kila dakika, yaani gramu 27 kwa saa, kwa sababu rola hazijui kama uzi umekatika. Zikiwa spindo kumi tu kati ya 480 zimekatika muda wote, kwa saa 24 unapata kilo sita na nusu kwenye mashine moja. Pamba hiyo inajitandaza juu ya wavu wa filta kama godoro, hewa inakosa njia. Kama mnalisafisha sanduku mwisho wa zamu, nusu ya zamu mnafanya kazi bila saksheni. Anza na kila saa mbili, halafu ongeza au punguza kwa unavyoona. Tazama pia sponji ya mlango wa sanduku: ikiliwa, feni inavuta hewa ya chumbani badala ya hewa ya kwenye mashine. Na kila bomba dogo chini ya rola lina matundu. Yakizibwa na utandu wa nta na sukari ya pamba, spindo hiyo haina msaada, hata feni iwe na nguvu ya kimbunga.

Kipimo changu hakina gharama. Kamata pamba kidogo, kiasi cha ukucha wa kidole gumba, ipeleke karibu na tundu la spindo ya mwisho, ile iliyo mbali kabisa na feni. Inatakiwa ikunyang'anye. Ikipepea kivivu kama tanga la ngalawa siku za maleleji, usiendelee kusokota upande huo. Kazi ya saksheni ni kuidaka pamba ya uzi uliokatika kabla haijashika rola au kurukia uzi wa jirani. Ikishindwa hiyo, mtu mwenye mikono miwili hawezi kuifanya kwa niaba yake.

Sasa madirisha. Yafunge. Najua utaniona sina huruma, lakini pamba chumba cha kusokotea inataka unyevu wa hewa wa asilimia 55 hadi 60 hivi. Nje hapa kwetu wakati wa masika aghalabu unapita asilimia 80. Ukifungua dirisha usiku unakaribisha bahari ndani. Nyuzi za pamba zikilowa hewa hiyo zinanata kwenye mpira wa rola, na kama robota lina sukari ya vidukari au ya nzi weupe, sukari nayo inayeyuka na kuwa gundi. Bobini za rovingi, ule utambi mnene wa pamba unaosubiri kusokotwa, zisilale karibu na dirisha wala sakafuni; zifunikwe nailoni. Kinyume chake pia ni tabu: hewa ikikauka sana, nyuzi zinapata umeme tuli, zinasimama kama nywele za paka, na zinajizonga vilevile. Nunueni kipima unyevu, kitundikwe katikati ya chumba, si mlangoni. Na feni za dari zipo kwa ajili ya joto, ila zisipige moja kwa moja kwenye nyuzi.

Hapo ndipo tunafika kwenye mizongo yenyewe. Viwembe vikusanye leo, vyote, hata kile kilichofichwa kwenye pindo la aproni. Chombo chake ni kulabu ya shaba, shaba ya namna ileile ya misumari ya milango ya Mji Mkongwe. Ni ngumu kiasi cha kuchokonoa pamba, na laini kiasi cha kutoumiza rola. Fundi yeyote wa chuma atakutengenezea kwa kipande cha fimbo ya shaba. Ncha iwe ya mviringo.

Mzongo wa rola ya juu, ile ya mpira, unaweza kutolewa mashine ikiwa inakwenda, kwa utaratibu huu. Kwanza kata rovingi nyuma, ili pamba isiendelee kuja wakati unahangaika. Halafu inua mkono wa shinikizo, toa rola, geuka nayo, simama mbali na mashine, na uufumue mzongo kinyume na ulivyojizonga. Ukipata ncha yake unatoka wote kama ganda la chungwa. Jambo moja wafanyakazi wapya hawaambiwi: rola ya juu ina mipira miwili kwenye mhimili mmoja, kwa hiyo ukiinua mkono kwa ajili ya spindo moja, na jirani yake inakatika. Hesabu kuunga nyuzi mbili, si moja. Ndiyo maana mtu mvivu hupenda kukwangua kwa kiwembe bila kuinua kitu. Unamwelewa, lakini unamkataza.

Mzongo wa rola ya chini ni habari nyengine. Ile ni ya chuma, ina mifereji, imeungana kutoka mwanzo hadi mwisho wa mashine, haisimami peke yake. Hapo jibu la swali lako ni hapana: mashine isimame. Hakuna kulabu, hakuna kidole, hakuna "kidogo tu fundi". Nimeona kucha imeondoka. Ncha za mtandio ziingizwe ndani ya aproni, mikono ya baibui ikunjwe, bangili zibaki kabatini. Hina haina neno. Mashine ikishasimama, pitisha kulabu kwa urefu, ukifuata mfereji, ukate mzongo, kisha uubandue. Usiusubiri ukue. Mzongo mnene unainua rola ya juu, na ukikaza sana unaweza hata kuipinda ile ya chuma.

Kuna mzongo mwengine wa uzi uliokwishasokotwa, unaojificha chini ya bobini, kwenye shina la spindo karibu na mkanda. Huo hauonekani mpaka uinamie. Unaikaba spindo, mwendo unapungua, uzi unatoka laini, hauna msokoto wa kutosha. Kila mnapotoa bobini zilizojaa, kagueni mashina.

Kwa nini nakazania kiwembe? Chukua uzi kutoka spindo iliyokwanguliwa, uzungushe kwenye ubao mweusi kwa mistari iliyosogeleana, utazame. Utaona sehemu nyembamba au nene inajirudia. Pima kwa rula kutoka moja hadi nyengine. Rola ya mpira yenye kipenyo cha milimita 30 ina mzunguko wa milimita 94. Ya chuma ya milimita 25 ina mzunguko wa milimita 78. Makosa yakijirudia kila sentimita tisa na kitu, mpira una chale. Yakijirudia kila sentimita karibu nane, chuma ndicho kimekwaruzwa. Pima vipenyo vya mashine zenu kwanza, maana vinatofautiana. Mpira wenye chale hupelekwa kusagwa kwenye mashine yake mpaka chale iishe, au hubadilishwa. Chuma kikipata ukucha, kinashika pamba palepale kila siku, na utaapa kwamba spindo hiyo ina jini. Nguo ikifumwa kwa uzi huo inatoka na michirizi kama mbao iliyopigwa randa. Mwenye kununua kanga huiona kabla yako.

Mipira ifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, ikauke kabla ya kurudi. Mafuta ya taa hapana, yanaacha utando unaonata.

Mashine ya upepo wa kompresa, ambayo hukuitaja lakini naijua ipo, isitumike kupulizia mashine inayosokota. Vinyoya vinahama hapa vinatua kwenye uzi wa pale na kusokotwa humo. Vumbi hilo ndilo pia linaloingia vifuani. Mfanyakazi akikwambia kifua kinambana siku ya kwanza baada ya mapumziko, halafu siku zinazofuata anapata nafuu, usidhani anatafuta likizo. Hiyo ndiyo dalili ya mwanzo ya ugonjwa wa mapafu wa vumbi la pamba. Apelekwe kwa daktari, na barakoa ziwepo.

Kuhusu bosi wako. Mwambie kwetu Pemba hakuna anayeyatupa makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Yanakwenda kiwanda cha Wawi, yanatoa mafuta. Lakini hakuna pia anayeyachanganya na karafuu kwenye gunia akategemea bei ya karafuu. Taka zenu nazo ni hivyo hivyo. Iliyo kwenye sanduku la saksheni ni pamba safi, nyuzi zake bado ndefu, hiyo irudi mwanzo wa mstari, lakini kidogo kidogo. Mimi sikuwahi kuvuka kilo tatu kwa kila kilo mia, tena imetawanywa sawasawa kwenye marobota. Ukiitupa fungu zima kwa mkupuo, uzi wa saa hiyo utajaa vifundo na nyuzi zitakatika zaidi, yaani taka imezaa taka. Mabaki ya rovingi nayo yanarudi, lakini yafumuliwe kwanza kwenye mashine yake, kwa sababu yameshapata msokoto. Uzi uliosokotwa haurudi. Ule uuzeni kwa magereji, wanautafuta kwa kufutia mafuta mikono na injini.

Zinazobaki ni za sakafuni, zenye mchanga, mafuta na nyuzi za viroba. Hizo hata bosi akiamuru, zisiingie. Uzi mmoja wa kiroba ukipita mpaka kwenye nguo haushiki rangi, unabaki mweupe katikati ya kanga nyekundu. Zitoke nje kila zamu, wala zisirundikwe chini ya bodi ya umeme au kando ya mota, maana pamba haihitaji moto mkubwa; cheche moja inatosha.