Uyoga wa kulevya kutibu huzuni, yafaa?

Swali: Assalaam aleikum sheikh. Mamangu kafariki miezi minne saa hii, silali, nashinda na muguka tu, haya majani ya kutafuna kama miraa. Binamu yangu wa ng'ambo kanitumia kapsuli za uyoga wa kulevya, asema yajuzu kwani umeota wenyewe, wazee wa kimila wautumia na sayansi yaukubali.

Jibu: Waaleikum salaam mwanangu, Allah amrehemu mamako. Ile picha uliyonitumia ya kapsuli sita juu ya msala imeninyima raha.

Ati umeota wenyewe! Zabibu je, na bangi, hazioti? Mtume (SAW) hakuuliza kimeota au kimepikwa, kasema kila kilevi ni khamri na kila khamri ni haramu, na Tariq bin Suwayd aliposema yeye autengeneza mvinyo kwa dawa tu, akajibiwa si dawa bali ni ugonjwa.

Wazee wa kimila, sawa. Kule Huautla, Mexico, Wamazateki wautumia usiku kwa mgonjwa, si kwa starehe. Mganga wao María Sabina alimkaribisha Mmarekani Gordon Wasson mwaka 1955, jamaa akayaandika kwenye jarida 1957, wageni wakamiminika kutafuta njozi, mwisho yule mama akachomewa nyumba. Na ile ni ibada yao, sisi shida zetu twampelekea Mola peke yake.

Sayansi nayo binamu kakupa nusu nusu. Kwenye majaribio ya silosibini, ile kemikali ya kulevya iliyo ndani ya uyoga huo, mgonjwa hupimwa kwanza, mwenye historia ya wazimu kwao hukataliwa, kipimo chajulikana na wataalamu hukaa naye masaa mpaka nguvu yake iishe, sasa wewe wataka kumeza peke yako chumbani saa nane usiku kitu hujui kina miligramu ngapi! Mafaqihi wetu wa Kishafii waliruhusu dawa ya kuondoa akili kwa anayekatwa kiungo, hiyo ni dharura, wewe hata daktari hujamuona.

Na hapa ndo naumia, kwa sababu Mombasa ukitaja Port Reitz, hospitali inayotibu wagonjwa wa akili, watu washacheka, kijana aona bora uyoga wa kufichaficha. Mwanangu, Mtume alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya watu. Kukosa usingizi miezi minne ni ugonjwa, una daktari wake, na huo muguka ndo wakukesheza zaidi, uwache. Kapsuli zimwage chooni leo. Jumatatu saa mbili asubuhi nikute pale getini Port Reitz, tutaingia sote.